Kadi ya Ambokile na Mkono wa Baba Mdogo

Lusajo mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, tena kwa kelele, kwa hiyo nisipoteze karatasi. Umekwenda Kisiba kumuaga bibi yako, mvua imeshaanza huku Bulyaga, na najua bibi hatakuachia utoke kabla hujala mara mbili. Nina saa tatu hivi. Nimekaa mezani na daftari lako la chuo, nimechana karatasi za katikati, na mlango nimeutia komeo ingawa ni mchana kweupe. Mimi nikiwa na siri huwa naona hata kuku wananichungulia.

Sitaandika habari za sweta. Sitaandika habari za kula, wala kusali, wala wasichana wa Dodoma. Hayo nimeyasema mwezi mzima mpaka ukaanza kuniitikia kabla sijamaliza. Barua hii ni ya jambo moja tu: mkono wa kulia wa Baba yako Mdogo Gwakisa. Unajua uliungua kiwandani. Unajua watu wanasema mashine ya kadi ilikosea. Lusajo, mashine haikukosea. Nilikosea mimi, nikanyamaza, na sasa ni miaka kumi na mmoja ninanyamaza. Nikikwambia yote naweza kukupoteza, na wewe ndiye mtoto pekee niliyenaye. Nisipokwambia, kesho utapanda basi kwenda kuanza kazi uliyoichagua kwa sababu ya uongo wangu. Nimelipima jambo hili huku na huku, nikaona heri uondoke umekasirika kuliko uondoke umedanganywa.

Nianze na wizi mdogo kabla sijafika kwenye mkubwa. Jumapili ulipotoka kanisani ukalala kwenye kochi mdomo wazi, nilichukua simu yako. Ulikuwa umeniringia nayo wiki nzima: "Mama, hii haifunguki bila kidole changu, hata ije polisi." Nikasema haya, tuone. Nikakushika kidole gumba polepole, kama nilivyokuwa nakutoa funza ulipokuwa mdogo, nikakigandamiza pale. Ikafunguka! Wewe hata kukoroma hukubadilisha. Ndiyo nikakumbuka somo lako la mezani, kwamba mtu hujulikana kwa njia tatu, kwa kitu anachokijua, kwa kitu alichonacho, na kwa mwili wake mwenyewe, na kwamba hii ya mwili ndiyo kiboko. Kiboko gani, baba? Kidole hakijui kama mwenyewe amelala.

Utasema Mama alikuwa anachungulia. Ndiyo, nilikuwa nachungulia. Nilitaka kujua tu kama kuna msichana. Yupo, na jina lake nimeliona, tutazungumza siku nyingine. Lakini chini ya meseji zake nikakuta uliyomwandikia rafiki yako wa chuo: "Mimi hii kazi sikuifuata kwa mshahara. Mashine mbovu ilimchoma baba yangu mdogo. Nataka nifunge mashine ambazo hazitamchoma mtu." Nikairudisha simu mahali pake, nikaenda jikoni, nikalia mpaka ndizi zikaungua. Uliamka ukaniuliza nini kinanuka. Nikakwambia mkaa wa siku hizi ni mbovu.

Unaona ninavyodanganya vizuri? Sasa nisikilize.

Baba yako alipotutoka, nilikuwa na wewe wa miaka sita na kazi ya utaimkipa pale kiwanda cha chai. Kazi yenyewe ni kukaa langoni na daftari, mtu akiingia unamwandika, akitoka unamwandika. Sikuhitaji kadi wala kidole cha mtu. Nilimjua kila mfanyakazi kwa uso, kwa kikohozi, hata kwa namna anavyoburuza mabuti kwenye kokoto. Usidhani lakini kwamba daftari lile lilikuwa takatifu. Rafiki yangu akichelewa nilimwandika kawahi. Mama mmoja aliyenisema vibaya kwenye kwaya nilimwandika kachelewa siku mbili mfululizo, na hakuchelewa. Ndiyo maana uongozi ulipoleta mashine, nilikasirika kwa mdomo, lakini moyoni nilijua wanamtafuta nani.

Ya kwanza ilikuwa ya vidole. Ilichekesha siku moja tu. Mikono ya watu wa chai unaijua: utomvu umeingia mpaka kwenye mistari, ngozi imelika, vidole vimekuwa laini mbele kama kijiko. Mtu anaweka kidole, mashine inalia kumkataa. Kulikuwa na mama wa kuchambua chai, Tupokigwe, amefanya kazi pale tangu hajaolewa. Alifuta kidole kwenye kanga, akaweka, kikakataliwa. Akakitemea mate, akaweka, kikakataliwa. Mwisho akanigeukia machozi yanamlengalenga: "Mama Lusajo, kwani mimi si mimi?" Nikamwingiza kwa daftari langu. Hata sasa nikisikia unasifia vidole namkumbuka huyo mama.

Ndipo wakaleta kadi, zile zenye kidude cha dhahabu mbele. Alizileta fundi kijana kutoka Mbeya, mwembamba, shati limechomekewa, anaongea haraka kama wewe. Akatueleza kwamba zile za zamani zenye mstari mweusi mtu yeyote mwenye kifaa anaweza kuzinakili, lakini hii ina siri ndani yake na siri haitoki. Mashine inaiuliza kadi swali jipya kila mara, kadi inajibu, na anayesikiliza pembeni haambulii kitu. Sikumwelewa mpaka ulipokuja kunieleza wewe mwezi uliopita, nikacheka peke yangu, maana bibi yako ndivyo alivyo. Ukibisha hodi kwake anauliza nani, ukisema "mimi" hafungui. Leo atakuuliza ng'ombe mwekundu alizaa lini, kesho atakuuliza nani alivunja chungu chake. Huwezi kujibu kwa jibu la jana. Sawa kabisa. Lakini bibi akishafungua, haulizi aliyeingia nyuma yako ni nani.

Kila kadi ilitaka namba ya siri ya tarakimu nne, unayoichagua mwenyewe. Yule fundi alisisitiza hapo mpaka akatuchosha. "Kadi bila namba ni ufunguo tu, akiuokota mtu ni wake." Watu wakaitikia ndiyo, ndiyo. Nusu ya kiwanda wakaweka mwaka waliozaliwa. Nusu nyingine wakaweka moja, mbili, tatu, nne. Wengine waliandika namba nyuma ya kadi kwa kalamu wasisahau, na mzee mmoja wa kuni alikuwa ananipigia kelele toka mbali, "Mama Lusajo, nibonyezee, ni ile ile ya jana!" Foleni ya asubuhi ikafika barabarani, watu wanalowa, meneja akaja mwenyewe na mwavuli, akasema hiyo namba iondolewe, kadi inatosha. Fundi alikataa. Akaambiwa yeye ni wa kufunga mashine, si wa kuendesha kiwanda, na namba ikaondolewa. Mwanangu, utaambiwa hivyo hivyo, tena na watu wenye mwavuli.

Sasa nifike kwenye droo yangu.

Unawajua watu wetu na msiba. Mtu asipoonekana msibani kwa jirani, siku yake ikifika atazikwa na ndugu zake peke yao, na kwetu aibu hiyo ni kubwa kuliko njaa. Kiwanda kilitoa ruhusa kwa msiba wa mzazi, mume, mke na mtoto. Shangazi hakuwemo. Jirani hakuwemo. Mama wa kambo aliyekulea hakuwemo. Niambie wewe, mtu wa Rungwe atasimama mbele ya nani aseme sikumzika shangazi yangu kwa sababu ya chai?

Wa kwanza kuniomba alikuwa Tupokigwe yule yule. "Naomba unigusishie, dada. Nakwenda kuzika, kesho nitafidia kazi yangu." Akaniachia kadi imefungwa kwenye leso. Nikaigusisha kwenye mashine asubuhi na jioni, na dunia haikuanguka. Baada ya mwezi ikawa desturi. Kengele ya msiba ikisikika, kadi zinaingia kwenye droo yangu, mbili, tatu, wakati mwingine tano. Wasimamizi wa ndani walijua wakafumba macho, maana na wao wanafiwa. Yule fundi alikuwa ametuapia kwamba kadi ile haivunjiki, na alisema kweli, hakuna aliyeivunja. Tulipeana tu, mkono kwa mkono, kwa huruma.

Wala sikudai kitu. Haya, walileta: mkungu wa ndizi, chupa ya maziwa, mara moja kuku. Lakini usije ukadhani ni ndizi zilizoniharibu. Nilipenda kuombwa. Mjane wa taimkipa, aliyeogopa mashine itamfukuzisha kazi, sasa watu wazima wanakuja kwangu na sauti ya chini, "Mama, tunakutegemea wewe." Nilijiona mtu wa maana. Nilikuwa namshuku kila mtu pale langoni. Anayetoka na kifuko nilimpekua, anayecheka sana nilimwangalia mara mbili. Mtu mmoja tu sikuwahi kumpekua, naye ndiye aliyekuwa na droo.

Siku ile Ambokile aliniachia kadi yake jioni ya kuamkia msiba. Ambokile alikuwa kwenye mashine ya kukaushia chai, rafiki mkubwa wa Baba yako Mdogo, maana Gwakisa alikuwa jirani yake hapo kwenye boila, lile tanuri la mvuke. Alifiwa na jirani kijijini kwao, Matwebe. Asubuhi nikagusisha kadi yangu, nikagusisha na ya kwake hapo hapo, nikaitia kwenye droo nikaendelea na uji wangu.

Saa nne moto ukalipuka kwenye mashine ya kukaushia. Moto wa chai kavu hauna adabu, unakwenda na vumbi. Tukatoka wote tukakusanyika uwanjani kama tulivyofundishwa, moshi unafuka, watu wanakohoa, na msimamizi akasimama na orodha iliyotoka kwenye kompyuta ya langoni. Anaita jina, mtu anaitika. Akafika kwa Ambokile. Akaita, akaita tena. Watu wakaanza kutazamana. Akasema, "Kadi yake inaonyesha ameingia. Ambokile yuko ndani."

Mimi nilikuwa najua Ambokile yuko Matwebe amekaa kwenye majani ya migomba na wafiwa. Kadi yake ilikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa kiunoni mwangu. Maneno yenyewe ni machache: Ambokile yuko msibani. Nimeyapima miaka yote hii nikichota maji, nikimenya ndizi. Kabla Gwakisa hajakimbilia ndani, mtu angeweza kuyasema mara tano bila haraka. Nilifungua mdomo. Nikaona uso wa meneja. Nikaona ada yako ya shule, nikaona chumba chetu kwenye kambi ya kiwanda, nikaona watu wa kanisa wakinong'ona. Nikafunga mdomo nikajiambia msimamizi hatamruhusu mtu kuingia, watasubiri moto upoe, na baadaye nitasema kwa utaratibu.

Gwakisa alichovya gunia kwenye pipa la maji, akajifunika kichwa, akaingia. Alikuwa analiita jina la rafiki yake. Tulimsikia kutoka nje, "Ambokile! Ambokile we!" kisha tukasikia vyuma vinaanguka. Walimtoa watu wanne. Mkono wa kushoto uliobaki unaujua, amekula nao ugali mbele yako, amekufundisha nao baiskeli. Hicho kifua kinachopiga filimbi wakati wa baridi nacho ni cha siku ile.

Jioni Ambokile alirudi. Nilimngoja njiani nikampa kadi yake chini ya kanga. Hatukupanga mengi. Kesho yake akasema hakufika kazini, kadi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake nyumbani, hajui ilisomwaje. Akalia kitandani kwa Gwakisa mpaka wauguzi wakamtoa, na kilio kile hakikuwa cha uongo. Baadaye alihamia Chunya, na sijui kama yu hai. Nilipoulizwa mimi, nikasema sijui. Watu wakamalizia wenyewe: mashine ilikosea. Mimi sikuwa wa kwanza kulisema neno hilo, nililiitikia tu, na nikaliitikia mbele yako ukiwa na miaka kumi na miwili unaniuliza kwa nini Baba Mdogo amefungwa bandeji mpaka begani.

Yule fundi aliitwa kutoka Mbeya. Alikaa siku nzima na kompyuta yake langoni, hakula. Mwisho akanifuata nikiwa peke yangu, kwa heshima kabisa. "Shikamoo Mama. Naomba nikuulize. Kadi hii haiwezi kusema ilikuwepo kama haikuwepo. Ilikuwepo hapa. Swali ni ilikuwa mkononi mwa nani. Naona imesomwa sekunde mbili baada ya ya kwako."

Nilimtazama machoni nikamjibu, "Mashine yako imekosea, mwanangu."

Nilimwita mwanangu, Lusajo. Alikuwa na umri kama wako wa sasa. Akaenda na ushahidi wake kwa meneja, na meneja akaniita, na mimi nikaingia na kitenge cha kanisani na macho mekundu ya kumuuguza shemeji. Nani angeamini sekunde mbili dhidi ya mimi? Nilikuwa mzee wa kanisa, mjane, shemeji wa majeruhi. Hawakuhitaji kadi wala kidole changu kunijua. Walinijua kwa uso, wakaamini uso. Kijana akaambiwa afungue mashine zake arudi Mbeya, na kampuni iliyomtuma ikamwachisha kazi. Miaka miwili baadaye nilimwona Mbeya, sokoni Mwanjelwa, anabandika vioo vya simu chini ya mwavuli. Nilivuka barabara nisikutane naye, nikanunua kwa mtu mwingine karanga ambazo sikuzitaka.

Basi kesho unakwenda kuwa yule kijana. Ndiyo maana mwandiko umekuwa wa kuku. Utafunga mashine, utawapa watu kadi, na siku moja kitu kitaharibika, na mama mmoja mwenye sauti nzuri atakutazama machoni akwambie mashine yako imekosea, mwanangu. Ukimwona, unikumbuke. Mshuku anayekuomba kwa hasira, sawa, lakini huyo utamjua tu. Mimi sikuwahi kushinikizwa na mtu mbaya. Walioniharibia kazi walikuwa watu wema, wakilia, na msiba wa kweli mkononi.

Na ukishamjua, usiishie kumkamata. Muulize anakwenda kumzika nani. Ule mpango wa kadi pamoja na namba ulikuwa mzuri, lakini hakuna aliyekaa na sisi akauliza kwa nini watu watazipeana. Wangetupa siku ya kumzika jirani, droo yangu ingekaa na kalamu tu. Mnapokaa huko Dodoma mnabishana kipi ni bora, namba au kidole au kadi, kumbuka watu wataangalia pale panapowabana, na watapatoboa. Sikufundishi kazi, sina cheti. Nakwambia tu nilipotoboa mimi.

Usinionee huruma ya haraka pia. Nimejiona nikiandika hapa ada yako, ujane wangu, meneja mkali, nikaona ninaanza tena kuvaa kile kitenge cha kanisani. Ukweli ni kwamba ningeweza kusema wiki iliyofuata, wala moto haukuwepo tena. Ningeweza kusema ulipofaulu kidato cha nne. Kila mwaka ulivyopita nilikuwa na ndimi mbili, moja ya kusema ni mapema mno na nyingine ya kusema ni kuchelewa mno. Na Gwakisa akawa anakulea kama wake, anakata majani ya ng'ombe kwa mkono mmoja, anauza maziwa ili ununue ile kompyuta ya kwanza. Alikuwa anakwambia, "Soma, baba, utengeneze mashine zenye akili." Mimi nipo pale pale naosha vyombo. Nilikuwa nasikia aibu mpaka masikio yanawaka, na nikaendelea kuosha.

Jumatatu, siku iliyofuata ule wizi wa simu, nilikwenda kwake. Nilimkuta zizini. Nikamwambia nisimame, nisikae, maana nikikaa nitasema mambo mengine. Nikamweleza kama nilivyokuandikia, kuanzia droo mpaka yule fundi, sikuruka kitu. Hakunikatiza. Aliendelea kukamua kwa ule mkono wa kushoto mpaka ng'ombe akamaliza. Nilitegemea atapiga kelele, au aseme nimesamehe kama wanavyosema watu wa kanisani mbele za watu. Gwakisa akaniuliza jambo moja tu.

"Shemeji, nilipokuwa nachovya gunia, ulikuwa umbali gani na mimi?"

Nikamwambia hatua tatu.

Akanyanyua ndoo, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu Jumatatu hajapita hapa. Ulinikuta jana naangalia barabarani ukaniuliza namngoja nani, nikakwambia namngoja muuza dagaa.

Alikuahidi kwamba atakusindikiza stendi kesho na kukubebea begi. Sijui kama atakuja. Asipokuja, usimpigie simu kumuuliza kama anaumwa, na usidhani amekusahau. Akija, usinitetee kwake hata neno moja, na usimwombe anisamehe kwa ajili yako. Ana haki ya kuamua mwenyewe, na wewe pia. Kama unaona kazi hiyo huitaki tena kwa kuwa imeanzia kwenye uongo wangu, rudisha nauli ubaki, sitasema kitu. Kama unakwenda, nenda kwa sababu yako wewe, na siku ukiwa na nafasi mtafute yule kijana wa Mwanjelwa. Mwambie jina langu. Mimi nitakwenda Mbeya wiki ijayo, lakini sijiamini, na miguu yangu imeshazoea kuvuka barabara.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Isome leo, usiisome kwenye basi. Chakula kimefunikwa jikoni, na mimi nitakuwa kwenye ibada ya jioni mpaka usiku uingie, nimekupa nafasi ya kukasirika bila kunitazama. Kesho nitakuja stendi, mvua inyeshe isinyeshe, nitasimama pale penye ukuta wa tiketi. Sitakufuata kwenye mlango wa basi. Ukitaka nikuage, njoo wewe. Ukipanda bila kugeuka, nitajua umeisoma yote, na sitakuita.

Mama yako,
Atupele